Ukurasa Mmoja kwa Wageni wa Alhamisi

Bosi kaagiza ukurasa mmoja, usizidi,
wageni wa Alhamisi hawasomi marefu.
"Andika kwa nini kiwanda kijengwe Makambako.
Weka mahali, weka umeme, weka watu. Basi."

Nimeanza na mahali. Mahali ni rahisi.
Hapa barabara imekatwa kama suruali:
mguu mmoja Mbeya, mguu mwingine Songea,
na kiuno kinapanda Iringa kutafuta bahari.
Reli nayo inapita. Usiku, ukilala karibu na stesheni,
kikombe hutetemeka kwenye kisahani
kabla hujasikia honi.
Hilo la kikombe nimelifuta. Halina takwimu.

Sikuandika pia kwamba lori likifia hapa
dereva hulala siku tisa kwa Mama Enesia,
anakula viazi na maharage kwa daftari,
anajifunza kuitikia *kamwene*,
na kuna ambao hawajaondoka hadi leo.
Fundi breki wa pale kona alitokea Ndola
akawa anasubiri gia-boksi.
Ana watoto wanne sasa, wa mwisho yuko darasa la tatu.

Umeme.
Nguzo za chuma zinatoka Idofi zimeshikana mikono,
nyaya zinanguruma juu ya viazi vya shangazi Yusta
kama nyuki waliokataa kutua,
naye akipalilia hunguruma nazo, sauti ya pili.
Jioni, ndani, luku yake inalia tangu Jumapili.
Umeme tunao, anasema, tunachokosa ni tokeni.
Obadia Tweve huchomelea mageti saa nane za usiku,
maana saa hiyo, anadai, moto unakuja umeshiba.
Bosi kachungulia begani: "Hapo andika *wa uhakika*."
Nimeandika.
Nikaongeza, kwa herufi za kawaida, *kwa kawaida*.

Imebaki nguvukazi.
"Wapo tele," bosi kasema, "na bei yao nafuu."
Saa kumi na moja alfajiri nimekwenda kuwahesabu,
Julai hii, ukungu umekaa barabarani kama ng'ombe,
nje ya geti la mbao, wamevaa soksi mikononi,
wanapuliza moshi bila sigara.
Nimefika thelathini na nane nikapoteza hesabu,
kwa sababu wa thelathini na tisa alikuwa Lameki,
mdogo wangu, aliyetuaga kwamba anakwenda mazoezi.
Cheti chake cha ufundi umeme kiko ndani ya koti,
kwenye mfuko wa sukari, kisilowe.
Hatukusalimiana. Alitazama viatu vyangu,
mimi nikatazama kalamu.

Na yupo Tumaini Nyagawa wa ghala la parachichi:
anabonyeza tunda mara moja, kwa gumba,
anakwambia hili litaiva melini, hili litaiva sokoni,
hili mpe mtoto leo.
Gumba hilo nililiwekea mstari mzima.

Kisha nikarudi kwenye *nafuu*.
Nafuu ni neno la mgonjwa
aliyeamka akaomba uji.
Nimelikata. Nimeandika *wanajua kazi*,
na nafasi iliyobaki nimeiacha nyeupe,
ingawa bosi hapendi karatasi ikae wazi.

Alhamisi wamekuja, watatu, makoti mepesi ya Dar es Salaam,
wakaipokea karatasi, wakaikunja mara mbili,
mmoja akafunika nayo chai isipoe.
Wakauliza kuhusu ardhi. Wakauliza kuhusu maji.
Saa tisa wakaaga, wakapungia mkono,
wakafika kona pale, gari likatoa harufu.

Bosi, ukurasa sijui kama umesomwa.
Nimewaacha kwa Mama Enesia, wanamenya viazi vya moto,
wanapuliza vidole,
na mtu wa Ndola yuko chini ya gari lao, miguu tu inaonekana,
anawaambia wasiwe na wasiwasi:
kifaa kitafika Jumatatu.